Matundu Kumi na Mawili

Jumatatu, 8 Septemba

Siku njema. Nimeiokoa bustani kabla ya saa sita mchana, na muda wa kujinyoosha ukabaki.

Niandike kwa mpangilio, maana daftari hili siku moja litasomwa na watu wazito. Shangazi ana bustani ya matunda: miti thelathini na minne, mitufaha na mipeasi, yote mizee kuliko mimi, nami nina miaka arobaini na miwili ingawa watu hunipa thelathini. Miti imechoka. Matufaha yanatoka madogo kama gololi, na kila moja lina mdudu ambaye ndiye mwenye nyumba. Mwezi uliopita tawi lilianguka likapasua paa la banda la kuku. Shangazi akasema basi, sasa imetosha. Ndipo akatokea Msumeno.

Msumeno nimesoma naye. Ni mkata miti. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa jingine, ila tangu anunue mashine hakuna anayelikumbuka, hata mama yake. Kila nilichowahi kupata mimi, yeye alikipata kikubwa zaidi: baiskeli, kitambi, sifa. Amemwahidi Shangazi kuikata miti yote bila malipo, yeye achukue magogo, Shangazi abaki na ardhi tupu ya kulima mboga. Anaanza Jumamosi. Na kwa kuwa mlinzi wa bustani, yaani mimi, hatakuwa na bustani ya kulinda, kajitolea kuniajiri nimbebee magogo. Ameshaniletea glavu. Glavu! Mimi niliyepokea wageni kwenye hoteli za ghorofa nne, katika miji mitatu tofauti, na mikono hii ikasifiwa kwa ulaini na mke wa balozi.

Lakini Mungu hamtupi mja wake. Kumepigwa simu kutoka chuo kikuu. Kuna mtafiti anazunguka kwenye bustani kongwe, anachunguza jinsi wanyama wa mitini, kindi hasa, wanavyochagua mahali pa kuzalia. Akipata hata kiota kimoja, bustani inaingia kwenye utafiti wake miaka mitano na hakuna mti utakaoguswa. Shangazi kasema sawa. Kiota kikionekana kabla ya Jumamosi, miti ibaki. Kisipoonekana, Msumeno awashe mashine. Kayasema hayo kwa sauti ya mtu anayeomba apitishiwe chumvi.

Kindi tunao. Wanakimbia juu ya bati la chumba changu kila asubuhi kama wana zamu. Kwa hiyo kazi iliyobaki ilikuwa kuipendezesha bustani tu. Mgeni anakuja kesho, na mgeni humkaribishi kwenye nyumba yenye matundu ukutani. Nikahesabu matundu kwenye miti: kumi na mawili. Mengine unapitisha ngumi. Aibu tupu! Nikachukua mfuko wa saruji uliobaki tulipotengeneza banda la kuku, nikakoroga, nikapanda, nikaziba.

Kila tundu nililichokoa kwanza kwa fimbo, maana mimi si katili. Katika la tano akatoka kindi jike, tumbo limemtangulia, akasimama kwenye tawi akanitukana kwa lugha yao, kisha akaenda zake. Nikamwambia avumilie, nyumba inafanyiwa ukarabati.

Nimeziba kumi na moja. La kumi na mbili liko juu kabisa kwenye mpeasi mkubwa, upande usiopigwa na upepo. Nilipofika nusu, ngazi ikaanza kutetemeka, au nilianza mimi, hatukujadiliana. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza, nami niliziona dalili za utelezi. Nikashuka. Nikalitazama kutoka chini. Majani yanalifunika, halionekani. Kisichoonekana hakipo, hiyo ni sayansi, niliisoma mpaka darasa la sita.

Kisha nikapaka mashina yote chokaa. Yanang'aa kama meno ya mgombea.

Jumanne, 9 Septemba

Msiba.

Mtafiti kafika saa mbili asubuhi. Mwanamke mfupi, mpole, viatu vya matope, na kioo kidogo kilichofungwa kwenye ncha ya fimbo ndefu cha kuchungulia ndani ya miti. Nikampokea kihoteli, mkono kifuani, kichwa upande. Nikajitambulisha kuwa mtaalamu wa kindi mwenye uzoefu wa miaka kumi. Shangazi alikohoa.

Akazunguka mti hadi mti. Akagusa chokaa, akanusa kidole. Akaniuliza matundu yako wapi. Nikamjibu kwa fahari kwamba bustani hii haina tundu hata moja, tumeitunza.

Akaacha kuandika.

Kumbe kindi hataki mti mzima! Anataka mti mzee ulioanza kuoza moyoni, wenye tundu lenye giza. Mlango uwe mwembamba, yeye apite kwa kubana mbavu na adui abaki nje anameza mate. Usielekee upepo wala mvua. Uwe juu. Na pawe na tawi la kurukia mti wa jirani, maana mama mwenye watoto anajua nyumba isiyo na mlango wa nyuma ni mtego. Jike akikaribia kuzaa hukagua matundu mengi, anaingia hapa, anatoka pale, kama mtu anayetafuta chumba cha kupanga na hamwamini dalali. Na bustani kongwe ndizo zinazofaa kuliko zote, kasema Mtafiti, kwa sababu miaka mingi hakuna aliyezigusa.

Yaani uvivu wangu wa miaka kumi ndio uliokuwa hazina ya bustani hii, nami nimeiharibu kwa asubuhi moja ya bidii. Sikuwahi kuiamini bidii.

Nikakausha uso. Nikamweleza kwamba miti ya aina hii hujifunga matundu msimu huu, ni tabia yake. Akaniangalia kwa huruma, akaandika kitu. Sidhani kama aliandika nilichosema. Atakuja kila siku mpaka Jumamosi.

Alipoondoka tu nikachukua nyundo na patasi. Saruji imekataa! Maisha yangu yote saruji yangu imekuwa ikipasuka: kizingiti cha jikoni kilidumu siku nne, ngazi niliyomjengea jirani ilidumu mpaka jirani alipoikanyaga. Hii ya jana ingebeba treni. Nimepiga mpaka patasi ikavunjika. Wa kunipongeza hayupo.

Shangazi kapita na kikapu, kauliza natafuta nini ndani ya mti. Nikasema napima afya yake. Kasema nikimaliza mti nijipime na mimi, nianzie juu.

Alhamisi, 11 Septemba

Ukurasa wa jana haupo! Umenyofolewa. Tena si kistaarabu, umeraruliwa, pembe moja imebaki kwenye uzi.

Daftari hili nalificha kwenye kibanda cha zana, juu ya gunia la mbolea, kando ya dirisha lililovunjika kioo. Ni mahali asipopafikiria mtu. Isipokuwa mtu mmoja ambaye amezaliwa kufikiria mahali ambapo wengine wameficha vitu, naye ni dada wa baba yangu. Na ukurasa ule ulikuwa na mambo ya moyoni. Sitayaandika tena. Mwanamume akiufungua moyo mara moja kwa mwaka inatosha, zaidi ya hapo unaingia vumbi.

Wakati wa chai nikamzungukia. Nikasema siku hizi kuna watu wanakula siri za wenzao. Shangazi kasema yeye hata maandishi ya kwenye chupa ya dawa yanamshinda, mwandiko wangu, ambao ni kuku aliyekanyaga wino, atausoma ili iweje. Kajitetea haraka mno. Namfuatilia.

Si hilo tu. Soksi yangu moja ya sufu imetoweka kwenye kamba. Na zile glavu za Msumeno, nilizozitundika dirishani ili akipita aone sijazigusa, moja haina tena kidole gumba. Nimeandika orodha ya watuhumiwa: ukurasa, Shangazi. Soksi, Msumeno, kwa wivu. Kidole gumba, paka wa jirani.

Sasa mpango wa leo. Kama matundu ya miti yamefungwa, nitawaletea kindi nyumba mpya. Ukitaka kumvuta mpangaji, mwoneshe kitu bora kuliko alichozoea. Hiyo niliijua hotelini. Nikachukua droo ya kabati la Shangazi (ile ya chini, vitambaa vyake nimeviweka kitandani kwake kwa heshima), nikaisimamisha, nikaifunika kwa ubao, nikakata mlango mpana wa kuingia bila kuinama. Mtafiti alisema mlango mwembamba. Lakini huo ni ushauri wa mtu ambaye hajawahi kupokea wageni wenye mizigo. Nikauelekeza upepo unakotoka, hewa izunguke. Nikatia pazia. Nikaifunga kwenye mtufaha mfupi, kimo cha kifua changu, ili mama mjamzito asihangaike kupanda.

Nilisimama kando nikaitazama. Hata mimi ningehamia.

Ijumaa, 12 Septemba

Nyumba imepata mpangaji! Nimekimbia kumwita Mtafiti bila viatu. Tumefunua pazia. Alikuwa kuku mwekundu wa Shangazi, amekaa, na hakutaka kusumbuliwa. Ametaga yai moja.

Mtafiti kasema kwa upole kwamba kuku haingii kwenye utafiti. Nikauliza kwa nini, wakati yuko mtini. Akafikiri sana, akasema ni swali zuri. Shangazi akalichukua yai na droo yake, kwa mpangilio huo.

Nikaingia mpango wa pili. Kama kindi hataki kujenga, nitamjengea, na sifa achukue yeye. Nilisuka nyasi kama bakuli, nikaweka pamba ya mto wangu, nikakibandika kiota kwenye tawi zuri. Kilihitaji manyoya. Nikajinyoa ndevu. Ndevu nilizozifuga miezi saba! Nikazinyunyiza ndani. Nikatia na mbegu chache za papai zikae kama kinyesi, maana mnyama asiye na kinyesi anatia shaka.

Mtafiti kakiteremsha kwa mikono miwili, kakitazama muda mrefu. Kisha akanitazama kidevu. Kasema huyu ni mnyama wa ajabu kweli, ananyolewa kwa mkasi, na anatembea kilomita ngapi sijui kutafuta papai, kwa sababu hapa hakuna mpapai. Hakucheka. Angecheka ningeona afadhali. Alikirudisha mkononi mwangu kama mtu anayemrudishia mwenzake kofia iliyoanguka, akasema anaelewa kwamba naipenda bustani hii, lakini yeye anaweza kuandika kile tu anachokiona. Kesho ndiyo siku yake ya mwisho.

Kaniambia pia kwamba mara tatu amemwona jike mmoja akipita juu kwa juu na kitu cheupe mdomoni, ila kila akifika kwenye mpeasi mkubwa anampoteza kwenye majani. Nikamwambia ni chokaa yangu, wanaipenda. Akaandika. Safari hii naamini aliandika nilichosema, ili wakacheke chuoni.

Jioni mapema kapita Msumeno na kopo la rangi nyekundu. Anatia alama miti ya kuanza nayo. Alama ya kwanza kaitia kwenye mpeasi mkubwa. Alipomaliza akanikuta nimekaa kwenye ndoo.

“Mlinzi, glavu zinakutosha?”

Nikamwambia moja imepungua kidole. Akasema haidhuru, kazi ya magogo huwa inapunguza na mingine. Akacheka mpaka kitambi kikachelewa kusimama. Kuna watu wamezaliwa kuwa na nafasi ya kusema neno la mwisho, na mashine juu yake.

Shangazi alikuwa dirishani. Aliiona alama nyekundu. Alifunga dirisha taratibu, na Shangazi hajawahi kufunga kitu taratibu tangu nimjue.

Nimelikumbuka tundu la kumi na mbili. Nimekumbuka pia urefu wake. Nikisema lipo, nitaulizwa kwa nini Jumanne nilisema hakuna. Nikisema nimeyaziba mengine, nitaulizwa kwa nini naishi. Na atatakiwa mtu wa kupanda, na wiki nzima nimekuwa nikisimulia jinsi nilivyopanda mlingoti wa bendera kwa mkono mmoja.

Tuone kesho. Pengine mvua itanyesha.

Jumamosi, 13 Septemba

Mvua haikunyesha. Jua kali, anga safi, siku nzuri ya kukata mti. Naandika hivi mikono bado ina alama za vipago vya ngazi.

Saa tatu Msumeno alikuwa chini ya mpeasi mkubwa, mashine begani, miwani usoni. Shangazi kasimama mbali kidogo, mikono ndani ya khanga, anatazama kuku. Mtafiti katuaga kwa huzuni, fimbo yake imeshafungwa kwenye begi. Msumeno akashika kamba ya kuwashia mashine.

Sijui ni nani aliyesema “Ngoja”. Sauti ilikuwa yangu, lakini mimi sikushirikishwa.

Nikasema kuna tundu. Juu, upande wa pili, nyuma ya majani. Mtafiti akaniuliza kwa nini sikusema wiki nzima. Nikasema nilikuwa nalihifadhi. Akaitoa fimbo, akaiinua, haikufika hata nusu. Lazima mtu apande. Watu wote wakanitazama mimi wa mlingoti wa bendera.

Msumeno akasema tusipoteze muda, huyu atapanda mpaka kipago cha tatu kisha akumbuke kazi. Hapo ndipo nilipopanda, fimbo ya kioo kwapani. Sikupanda kwa ushujaa, nilipanda kwa ubishi, ambao ni mtoto wa mama mmoja na ushujaa. Msumeno mwenyewe alishika ngazi chini. Nilimwomba asitikise, akasema hatikisi, ni magoti yangu. Mpanda ngazi hushuka, wahenga wamesema, lakini hawakusema kwa njia gani.

Nilifika. Nikakumbatia mpeasi kama ndugu aliyetoka vitani. Tundu lilikuwa hapo, mbele ya pua yangu: dogo, la duara, kavu, limeupa upepo mgongo. Tawi moja linatoka pembeni hadi kwenye mtufaha wa jirani. Kila kitu alichokisema Mtafiti. Na mlangoni kulikuwa na karatasi imening'inia nusu ndani nusu nje.

Mtafiti akapaza sauti kutoka chini nisiguse kitu, nitumie kioo tu. Nikakiingiza kioo, jicho moja nimelifumba kwa sababu ya kimo na jingine kwa sababu ya hofu. Ikabidi nichague moja la kufumbua.

Soksi yangu!

Ndani ya soksi, wanne. Wekundu, vipofu, hawana hata unywele, kama vidole vya mtoto mchanga vilivyojikusanya. Kando yao pamba, magome yaliyochanwa, na kidole gumba cha glavu ya Msumeno kimewafunika kama shuka. Na mama yao, yule yule mwenye matusi wa Jumatatu, amejibana nyuma, ananitazama ndani ya kioo. Safari hii hakutukana. Alikuwa amechoka. Alinitazama kama mpangaji anayemwona dalali kafika tena.

Nikapiga kelele kwamba wapo, wapo wanne, wamo ndani ya soksi. Kelele ikatikisa ngazi, ngazi ikatikisa tawi, karatasi ikachomoka, ikaelea, ikashuka polepole hadi mkononi mwa Mtafiti.

Nilimwona akiikunjua. Niliujua mstari mwekundu wa pembeni. Nikaanza kushuka. Mguu ukakataa. Nikasema tafadhali, hiyo ni takataka tu. Akanijibu kwamba kila kilichomo kiotani ni ushahidi, na lazima kisomwe kwa sauti mbele ya mashahidi na kuandikwa. Huyo mwanamke mpole! Akasoma.

“Jumatano, tarehe 10 Septemba. Ni mimi niliyeziba matundu kumi na moja kwa saruji, na sitamwambia mtu hata nikitekenywa. Chai ya Shangazi leo maji ya kuoshea sufuria, kama kawaida.”

Nikafumba macho yote mawili. Mti uliendelea kunishika, naushukuru.

“Asubuhi nilimkuta ameegemea mpeasi ule aliopandikiza marehemu mume wake. Anausemesha. Anamweleza kwamba banda la kuku limeezekwa, kwamba goti la kushoto linamsumbua, kwamba mimi bado sijaoa na chokaa nimeimaliza yote. Hakuniona. Mti ukikatwa atampa nani habari? Msumeno akitaka nitambebea magogo mpaka nizeeke, hata bila glavu, ila huu mmoja aniachie, maana Shangazi hana mtu mwingine wa...”

Hapo meno ya kindi yalikuwa yamepita.

Kuku mmoja tu ndiye aliyekuwa na la kusema. Msumeno alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Shangazi hakumwangalia mtu.

“Zima mashine,” akasema.

Msumeno akasema kwa sauti ndogo kwamba haijawashwa, shangazi.

“Basi usiwashe.”

Akauendea mpeasi, akasugua ile alama nyekundu kwa ncha ya khanga. Haikutoka. Akaendelea kusugua. Kisha akainua uso, akanitafuta kwenye majani mpaka akaniona.

“Maji ya kuoshea sufuria?”

Nikakaa juu ya mti dakika arobaini zaidi. Nilimwambia Mtafiti nachunguza.

Jumatatu, 15 Septemba

Kibao kimetundikwa getini: bustani hii iko chini ya utafiti, miaka mitano. Nimekipiga msumari mimi mwenyewe, kimepinda kidogo, kinavutia. Wapita njia wanasimama kusoma. Mimi nasimama kando yake, ili wasipoelewa wajue wa kumuuliza.

Chai ya jana na leo ni nyeusi, nzito, kijiko kinasimama chenyewe. Shangazi anaimimina bila kusema neno, kisha anakaa mbele yangu mpaka niimalize. Sijalala tangu jana. Nimeambiwa droo niitengeneze, patasi na mto nivilipe mimi, na soksi nisiidai. Asubuhi nimemsikia chini ya mpeasi, safari hii akisema kwa sauti makusudi, ili nisikie: kwamba yule kijana ni mjinga, lakini ni mjinga wetu. Nilijisafisha koo nikaondoka, vumbi lilikuwa limeniingia.

Msumeno kaja na keekee yake kubwa ya chuma na kuyatoboa matundu manne kati ya yale niliyoyaziba. Kazi nzuri, sitamwambia. Kaniuliza nilikoroga kipimo gani, hajawahi kukutana na saruji ngumu namna hii. Nikasema ni siri ya familia. Kaniachia glavu ile nyingine iliyobaki nzima, nimpelekee kindi, watoto wakikua watahitaji nafasi. Huyu mtu si mbaya. Shida yake ni kwamba amezoea kushinda.

Sasa jambo lenyewe. Mtafiti, kabla hajaondoka, kasema kitu ambacho sidhani yeye mwenyewe alikielewa uzito wake. Kasema kwa kawaida humchukua wiki nyingi kujua jike amechagua tundu lipi, maana yako mengi. Hapa alijua kwa siku tano, kwa kuwa lilibaki moja tu. Aliyasema kwa masikitiko, akatikisa kichwa, akaniomba nisirudie kamwe. Wasomi ndivyo walivyo. Wanafikia ugunduzi, kisha wanaogopa kuuchukua.

Na jirani yetu, yule mwalimu mstaafu wa ng'ambo ya barabara, naye ana bustani kongwe. Mtafiti atamtembelea Alhamisi. Kaja leo, amenisalimia kwa heshima, kaniuliza mimi kama mtaalamu anapaswa kuandaa nini. Nimekwenda kukagua. Matundu tisa, wazi kabisa, kama vinywa vya watu wanaosikiliza umbea. Kindi ataanzia wapi? Mtafiti atamaliza lini?

Nimemwambia mwalimu asijisumbue, nitakuja kesho asubuhi na ngazi. Nitaziba manane. Lile moja la kuacha sina haja ya kulichagua, ngazi itanionesha.

Saruji imebaki nusu mfuko, na sasa kipimo nakijua.